Kabla ya Kufika kwa Shangazi

Troyeville, Johannesburg, Jumanne jioni

Mapendo mwanangu,

Umekwenda kusuka nywele kwa Mama Esther, na kwa nilivyoiona mitindo uliyomwonyesha kwenye simu, hamtamaliza mapema. Meza ya cherehani ni yangu peke yangu. Nimesogeza vitambaa pembeni nipate pa kuandikia. Mambo ya koti, dawa ya kifua na pasipoti tumeshayasema mpaka umechoka, sitayarudia. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha dukani, hakifiki ninapotaka kufika. Utasoma polepole, kama unavyosoma ujumbe wa bibi yako. Ukikwama kwenye neno niulize mimi, usiulize simu.

Wiki iliyopita uliniuliza kitu jikoni na sikukujibu. Ulisema, "Mama, niende kwa Shangazi au niende na Lerato?" Nikasema tutaona. Jana ukauliza tena, ukasema nitakavyoamua mimi ndivyo utakavyofanya. Nikaanza kuosha sufuria ambayo wewe ulikuwa umeshaiosha. Uliniona. Ukaenda kulala.

Nikiliandika jambo lenyewe naliona vizuri zaidi. Wewe na rafiki yako Lerato mnafika Roma keshokutwa. Masomo yako Bologna yanaanza wiki ijayo, na hizo siku za katikati mlizipanga tangu mwaka jana: Roma kwanza, halafu Florence, mkaone majengo ambayo umekuwa ukiyachora kwenye karatasi miaka yote hii bila kuyaona. Shangazi Faida alipopata habari akasema hapana, Ijumaa upande ndege nyingine uende kwake Anvers, mji ambao Lerato anauita Antwerp, kwa sababu Jumamosi anaweka kilio cha baba yako. Amechukua ukumbi wa kanisa lao. Watu wanatoka Lille na Paris. Anasema kilio hakiwezi kukaa bila mtu wa nyumba ya marehemu, na mtu huyo ni wewe.

Shangazi hana ubaya. Baba yako alipofariki yeye alikuwa kitandani, ametoka kufanyiwa operesheni ya nyonga, hata kukaa hawezi. Hakumwona kaka yake akizikwa. Na sisi tulivyo, mtu ambaye hakufika msibani bado anao kilio chake ndani, lazima siku moja akitoe mbele ya mtu wa nyumba ile. Amekingoja zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo usifikiri ni mama mkubwa anayependa kutawala watu. Anapenda kutawala watu, ndiyo, lakini hilo ni jambo lingine.

Sasa nikueleze jinsi mimi na baba yako tulivyoiona Ulaya, maana ulikuwa mdogo na tulikuacha kwa jirani, na tuliporudi tulikuletea chokoleti na picha, tukakuambia ilikuwa nzuri sana. Hatukukuambia mengine.

Shangazi ndiye aliyetualika, harusi ya binti yake. Tulikuwa tumeshapata pasipoti za hapa, tukapewa viza, tukaenda. Baba yako alikuwa amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Wewe unamkumbuka na vumbi la saruji kwenye nyusi. Mimi namkumbuka kwenye ndege ile amevaa suti ya kanisani, amekaa wima usiku kucha ili isikunjike. Alikuwa mwashi, na mwashi akitembea mjini haangalii watu. Hata hapa Kensington, tukisimama kwenye robot, taa za barabarani, yeye alikuwa anaangalia ukuta wa mtu na kusema huyu aliyejenga hapa alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Tulipofika Anvers, Shangazi akanionyesha cherehani. Kitambaa cha harusi kilikuwa kimechelewa, wanawake wa familia walikuwa wengi, na fundi wa nguo ni mimi. Sikushangaa. Nani angeshangaa? Mgeni wa kwetu hafiki kupumzika, anafika kusaidia, na mimi nilijisikia vizuri kuonekana nina kazi. Nikakaa kwenye sebule yake, nikashona. Baba yako kila asubuhi alitoka peke yake kutembea, akarudi na habari. Amekuta nyumba zimeshikana mabega, nyembamba, na juu zimekatwa ngazi ngazi. Amekuta daraja. Amekuta mtaa wa mawe ambao mafundi wamepiga magoti kuupanga jiwe moja moja. Alinieleza yote hayo huku mimi nina pini mdomoni, nikimjibu "mm". Nilimjibu "mm" mji mzima.

Baada ya harusi tulibaki na siku moja ya kwetu. Akaniomba twende uwanja wa katikati ya mji, kwenye kanisa kubwa lenye mnara ambao ukiutazama shingo inauma. Nikavaa kitenge cha harusi, kwa sababu nilitaka nipigwe picha. Tulipiga picha nyingi. Zile unazozijua, zile nilizowatumia watu wa kwetu Bukavu na wa hapa, na wote wakaandika "umependeza". Mwaka huu nilizitazama tena zote, nikitafuta moja ya baba yako, na nikaona kitu ambacho sikukiona wakati ule. Katika kila picha jengo liko nyuma yangu. Nimesimama mbele ya kanisa ambalo watu wanavuka bahari kulitazama, nami nimeligeuzia mgongo, natazama simu. Ukiniuliza leo juu ya mlango wake kumechongwa nini, sijui.

Baba yako alitaka kuingia ndani. Alitaka kuona dari ile inasimamaje. Unajua alivyolelewa, shule ya mapadri, mtoto wa altare. Lakini mimi nilikuwa nimeokoka hivi karibuni, moto moto, na mchungaji wetu kule Bertrams alikuwa amehubiri juu ya sanamu wiki chache kabla hatujasafiri. Nikamwambia siingii kwenye nyumba ya sanamu. Akasema, "Mama Mapendo, mimi naenda kuangalia paa, siendi kuangalia sanamu." Nikasema basi ingia, mimi nakungoja hapa. Akanitazama nilivyosimama peke yangu na kitenge changu kwenye baridi, nchi ya watu. Hakuingia. Akasema sawa, tutembee.

Pale uwanjani kulikuwa na meza nje, na watu wanakula, wengine peke yao, hawana haraka. Akasema tukae tule kama watu. Nikamwambia, "Na wifi amepika?" Akacheka. "Amepika, ndiyo. Atakula yeye na mume wake." Sikucheka. Wewe unamjua Shangazi: ndugu yake hawezi kula chakula cha mkahawa wakati jiko lake linawaka, ni kumwambia hajui kupika au kwamba amekunyima. Tukakaa kwenye benchi, tukala mandazi aliyotufungia kwenye karatasi ya fedha. Mezani karibu yetu mzee mmoja alikuwa anakula kome, zile za ganda jeusi, sufuria nzima peke yake, anatumia ganda moja kama koleo la kuchomolea zingine. Baba yako alimtazama kwa heshima, kama alivyokuwa akimtazama fundi mwenzake. Akala andazi lake.

Tuliporudi Shangazi akauliza, "Mmekula?" Tukasema hapana. Alifurahi kweli. Akatuwekea bugali na sombe ya majani ya muhogo, na baba yako akala vizuri, akamsifu.

Kuna kitu kimoja tu alichokipata siku ile. Wakati wa kurudi tulipita kwenye stesheni ya treni, na stesheni ile, mwanangu, ni kubwa kama kanisa, ina mawe ya rangi na juu ina kuba. Hiyo si nyumba ya sanamu, sikuwa na la kusema. Akasimama katikati ya ukumbi akainua uso. Watu walikuwa wanampita na masanduku, wengine wanamgonga bega, hatikisiki. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili, nahofia wezi. Nikamvuta mkono wa suti. Akaniambia, bila kuteremsha uso, "Ngoja kidogo. Kuna watu waliokaa kule juu wakafanya kazi hii." Nikangoja, lakini sikuinua uso. Nilikuwa naangalia saa ya treni.

Hakunilaumu hata siku moja. Akirudi kutoka kazini, amejengea watu ukuta au sehemu ya kuchomea nyama, alikuwa anasema siku moja tutarudi tukae pale uwanjani. Mimi nilisema ndiyo, tutarudi. Tulikuwa tunasema tu, kama watu wanavyosema. Halafu moyo wake ukaanza kusumbua, na mengine unayajua kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unaongea na madaktari.

Tangu hapo nimeingia kwenye kanisa la Kikatoliki mara moja, hapa hapa, msiba wa yule jirani wetu Mreno. Nilikaa nyuma. Sanamu ilikuwepo, haikunifanya kitu. Nilitazama dari, nikaona mbao zina doa la maji, nikajua kabisa baba yako angesema nini juu ya aliyeziba lile paa. Sijabadili kanisa langu. Jumapili bado naimba, na mchungaji wangu bado ni yule yule. Lakini nyumba niliyokataa kuingia nimeifikiria zaidi ya nyingi nilizoingia.

Na wewe ndiye uliyenipeleka kula nje kwa mara ya kwanza, kule Fordsburg. Unakumbuka nilivyofanya. Nilipanga sahani zetu moja juu ya nyingine, nikaanza kufuta meza kwa kitambaa cha karatasi, na kijana wa pale akasimama hajui afanye nini. Ukanishika mkono ukasema, "Mama, kaa." Ulisema kwa Kiswahili, wewe ambaye Kiswahili kukutoka mdomoni ni kazi. Nikakaa. Biriani ilikuwa nzuri, ingawa nyama ilikuwa kidogo. Nilijifunza siku ile kwamba kukaa ukahudumiwa si uvivu wala si kiburi. Ila inataka mazoezi, na mimi nilianza nikiwa na mvi.

Basi ndiyo hayo. Sikuyaandika ili ukatafute yale baba yako aliyoyakosa. Usimbebee safari yake. Ukifika Roma kwenye lile jengo lako lenye tundu juu, lile nililokuuliza mvua ikinyesha inakuwaje ukacheka mpaka ukakaa chini, usilitazame kwa macho ya baba yako. Litazame kwa ya kwako. Kama halikupendezi, sema halikupendezi. Kama njaa inauma kuliko kuba, nenda ukale kwanza. Agiza kitu usichokijua jina, na kikiwa kibaya utakuwa umejua.

Sasa swali lako.

Nilikuwa nalikwepa kwa sababu nilijua jibu, na jibu lina mtu wa kuumia. Nikisema uende Roma, namnyima wifi yangu haki yake. Nikisema uende Anvers, nakupeleka mahali ambapo umeshakaa sana.

Nataka ujue kwamba niliona. Mwaka ule wa msiba, watu walikuja kutoka Durban, Cape Town, Lubumbashi, hata yule binamu wa Bujumbura ambaye baba yako mwenyewe asingemtambua. Hawakuja pamoja. Kila aliyefika alianzia kilio getini, kama inavyotakiwa, na kila mara wewe ulikuwa unaacha michoro yako mezani, unatoka, unalia naye, unatandika mikeka, unachemsha chai. Wiki hii kilio kinatulia, wiki ijayo kinafunguliwa upya. Ulimlilia baba yako mara nyingi kuliko mtu yeyote katika ukoo huu, na mwaka huo shule ukarudia. Nilijiambia ndivyo inavyokuwa.

Halafu alikuja yule mama wa mwisho. Ulitoka getini ukajifunika uso kwa kitenge, na mimi nilikuwa karibu, nikaona chini ya kitenge macho makavu. Na yeye aliona. Akasema kwa sauti, watu wote wakisikia, "Huyu mtoto wa Afrika Kusini hamlilii baba yake?" Ulimtengenezea chai, ukamwuliza vijiko vingapi vya sukari. Mimi nilikuwepo na sikusema neno. Nilipaswa kumwambia mtoto huyu amemaliza. Nilikuwa sijui kwamba mzazi anaweza kusema hivyo.

Leo mchana, ulipokuwa benki, nilimpigia Shangazi. Nakuandikia tulivyoongea, ili usije ukasikia kwa mtu mwingine.

Nikamwambia, "Wifi, Mapendo hatakuja Jumamosi."

Akasema, "Mama Mapendo, unanitania. Ukumbi nimechukua. Watu nimewaambia. Nitawaambia nini sasa, kwamba mtoto wa kaka yangu yuko Roma anakula spageti?"

Nikasema ndiyo, waambie hivyo hivyo.

Akanisema sana. Sitayaandika yote. Alisema nimemlea mtoto kizungu, kwamba hapa Johannesburg tumesahau sisi ni nani. Nikamwacha, maana alikuwa na haki ya kusema. Alipochoka sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo. Akasema, "Yule nilimbeba mgongoni, wifi. Mama alipokuwa shambani, mimi ndiye niliyembeba."

Nikasema najua.

"Nitamlilia na nani?"

"Na mimi."

"Wewe uko Afrika Kusini."

"Simu ipo."

"Kilio cha simu," akasema. Alisema kama mtu anayetema kitu.

Nikamwambia, "Wifi, hata kifo chake nilikuambia kwa simu. Ulilia kwa simu, peke yako kitandani, na mimi nikasikia. Kilikuwa kilio."

Nikamsikia anapenga kamasi. Halafu akauliza kama nitavaa nguo ya kilio au nitavaa hizi za kushonea. Nikasema nitavaa nyeusi. Akasema nisikae kwenye chumba cha cherehani, watu wa Paris wataona fujo. Akasema mkeka uwe chini kabisa, si kwenye kochi. Nikasema sawa. Mwisho akasema, "Mtoto ajue nimekasirika." Nikamwambia nitamwambia. Sasa nimekuambia.

Amekasirika na atakaa na hasira yake kwa muda, na wengine watamsaidia kuitunza. Hasira hiyo ni yangu mimi, si yako. Usijaribu kuituliza kwa kukimbilia Anvers Jumapili. Mpigie ukifika Bologna, msalimie, mwambie ukweli kwamba ulikuwa Roma. Pasaka, kama moyo unataka, nenda kwake. Atakupikia mpaka ushindwe kusimama, na hapo katikati ya chakula mmojawapo wenu atataja jina la baba yako, na mtalia au hamtalia. Itakuja yenyewe bila mtu kuchukua ukumbi.

Kesho kwenye uwanja wa ndege kutakuwa na watu wa kanisa na Lerato na wazazi wake, hatutapata nafasi, kwa hiyo nakuaga hapa. Umekuwa mtoto wa kukaa naye vizuri ndani ya nyumba. Nenda salama, mama.

Jumamosi nitamsogezea mkeka jirani yangu wa mlango wa pili, amesema atakuja kukaa nami. Tutaanza saa nane mchana, saa za hapa na za kwa Shangazi ni zile zile. Kuanzia saa hiyo usinipigie. Nitakuwa chini na wifi yangu, tunamlilia baba yako. Wewe saa hiyo uwe umekaa mezani na Lerato, chakula kimefika.

Mama yako